Mwaka Mmoja na Siku Moja

Volkmar alipomwona Ortlieb akikatiza soko la chumvi, aliingia uchochoro wa kwanza akajibanza ukutani mpaka nyayo zikapotea. Ilikuwa siku ya mwisho.

Sheria ya mji wa Lübeck ilijulikana hata vijijini. Mtwana aliyemtoroka bwana wake, akikaa ndani ya kuta mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa, ni mtu huru. Na kumdai si kazi. Mjumbe wa bwana hulitaja jina la mtoro na kwao mbele ya wenyeji wawili, basi, anarudishwa na kamba shingoni.

Ndiyo maana Volkmar aliwakwepa watu. Kanisani hakwenda, kilabuni hakukanyaga. Mwaka mzima alikula peke yake katika banda la ngozi.

Ortlieb ndiye mtunza mbwa wa bwana wao huko kwao Altenrode, na hakuna mtoro aliyewahi kumponyoka. Volkmar alitoroka wakati Ortlieb yuko mawindoni na bwana, maana siku nyingine yoyote mbwa wangemfikia. Siku nane baada ya kuingia Lübeck akamwona humo mjini, amejifanya mbeba magunia, kofia imemfunika uso. Wakikaribia kukutana, Ortlieb naye hugeuza njia.

"Ananichezea," Volkmar alijiambia. "Anangoja nijisahau."

"Utaoza humu, mwanangu," Mama Gesa, mjane mwenye kazi ya ngozi, alimwambia kila Jumapili. "Hata panya wangu wana wenzao."

"Nimezoea, mama."

Hakuzoea hata kidogo. Mara nyingine alizisemesha ngozi zilizoanikwa, ili tu asikie maneno ya kwao yakitamkwa.

Adhuhuri ile Mama Gesa na jirani yake waliapa mbele ya baraza kwamba Volkmar hakulala nje ya kuta hata siku moja. Karani aliuliza mara tatu kama yupo anayemdai mtu huyu. Hakuna aliyejibu. Karani akaliandika jina lake pamoja na majina ya wenyeji.

Volkmar alitoka akilia bila kuona haya. Kisha hasira zikampanda. Mtu mmoja amemfanya aishi mwaka mzima kama mgonjwa wa ukoma. Alishika njia ya soko la chumvi, Mama Gesa na jirani wakimfuata kwa shida, akaenda kusimama uso kwa uso na Ortlieb.

"Ortlieb wa Altenrode," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Mbona leo hugeuzi njia?"

Gunia lilimponyoka Ortlieb. Alimtazama Mama Gesa, akamtazama jirani, kisha akavua kofia polepole.

"Basi, umenipata," alisema. "Bwana alijua amtume nani. Nilikuwa nimebakiza siku nane tu."