Zamu ya Jenereta

Mjinga wa siku ile alikuwa Bashiru. Tukubaliane hapo kwanza, maana mwenyewe amekwisha kukiri mara mbili sokoni.

Alifika zahanati akihema, jenereta juu ya mkokoteni, shati limemganda mgongoni.

"Umechelewa, kaka," nesi Mwanaheri akamwambia. "Jua limekutangulia."

"Liache litangulie, nitalikuta!"

Jenereta hilo la mtumba alilinunua miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, kwa korosho za misimu mitatu. Miaka minne ndilo lililopoza chanjo za watoto. Juzi likaletwa friji jipya, na paneli ya sola ikapandishwa juu ya bati. Mwenyekiti Abdulatifu akakata shauri: leo zamu ya jenereta, kesho zamu ya sola, atakayegandisha maji ndiye mwenye kazi. Bashiru akishindwa, jenereta linarudi nyumbani kulaliwa na kuku.

Akampitishia nesi waya dirishani auchomeke kwenye friji, akavuta kamba ya kuwashia. Ngurumo ikafika njia ya kwenda Ruaruke. Kina mama wenye watoto wakaziba masikio huku wakicheka.

"Sikieni linavyokwenda!" Bashiru akapaza sauti. "Siku zote hulalamika kama mkwe, leo linaimba! Utadhani halina mzigo!"

Alasiri akachungulia tangi. Dizeli ilikuwa imepungua kidogo tu. Akacheza peke yake pale uani.

"Jamani, limeshushiwa baraka!"

Mwenyekiti akafungua friji. Barafu! Bakuli zima, jeupe, linatoa moshi. Vigelegele vikapaa. Bashiru akatia kipande kinywani, kingine akamtumbukizia mwenyekiti ndani ya kanzu. Mzee wa watu akaruka kama kijana wa ngomani, kofia kule, bakora kule.

"Haya, semeni sasa!" Bashiru alikuwa amepanda juu ya mkokoteni. "Jua kazi yake kuyeyusha barafu, litaigandishaje? Nesi, teremsha hicho kioo chako, kesho tusipotezeane muda. Waambie watu, barafu hii ya nani?"

Mwanaheri akajiziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikamtoka puani.

"Kaka Bashiru, friji hili halina hata pa kuchomeka waya wako. Tangu asubuhi tumeufanya kamba ya kuanikia nepi."