Picha Tu, Sauti Si Lazima

Kililetwa kimeviringishwa kwenye taulo, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mama aliyekibeba alikataa kukiweka mezani mpaka fundi apanguse vumbi.

"Usikifungue," alisema. "Nimeshapita kwa mafundi wanne. Kila mmoja anakimbilia bisibisi."

Fundi alicheka. Watu wana haki ya kuogopa. Katika kazi hii wapo wanaopokea kifaa kizima na kurudisha ganda. Alikifunua taratibu. Ni king'amuzi cha miaka mingi, cha aina ambayo hata vipuri vyake havitafutwi tena. Kutoka kwenye kapu mama akatoa na rimoti yake, kisha skrini ya kompyuta, kuukuu, iliyotupwa na ofisi anakofanya usafi.

"TV yenyewe iko wapi?"

"Iliungua. Umeme ulipanda."

"Ving'amuzi vipya viko vingi siku hizi, mama. Hiki kimeshakula chumvi."

"Nataka hiki."

Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fundi alichakura sanduku lake mpaka akapata adapta ya kuunganisha vitu viwili visivyofahamiana, akachomeka waya huku na huku. Taa nyekundu ikageuka kijani. Mama akashika ukingo wa meza. Skrini ikawaka, ikaandika kwamba picha hiyo haiiwezi, kisha ikawa nyeusi tii.

"Hapo ndipo walipoishia wote," mama alisema, akaanza kukunjua taulo.

"Subiri kwanza. Mimi sijaishia."

Kusema kweli alikuwa anajipa moyo. Tangu asubuhi kazi pekee aliyoipata ilikuwa kuwaelekeza watu kwa muuza simu wa jirani. Lakini ugonjwa huu aliujua: king'amuzi kilikuwa bado kimepangwa kwa ile TV ya kizamani, kinatoa picha ambayo skrini ya kompyuta haiielewi. Dawa yake ni kitufe kimoja tu cha rimoti. Alikibonyeza. Kilikuwa kimekufa.

Aliigeuza rimoti mkononi. Vitufe vya namba na vya sauti viling'aa kama vya dukani. Mishale na OK vilikuwa vimelika hadi mpira umetoboka.

"Mlikuwa mnacheza michezo ya humu ndani, nini? Ile ya nyoka?"

"Ilikuwa ya mzee. Alipooza mwili mzima, hata ulimi. Kilichobaki ni kidole gumba."

"Pole sana, mama. Afadhali alikuwa na rimoti. Sasa anaendeleaje?"

"Tulimzika mwezi uliopita."

Fundi aligeukia rafu kutafuta spika, mikono tu ipate shughuli. "Skrini hizi hazina sauti," alieleza. "Nitakuunganishia kaspika kadogo."

"Sauti achana nayo. Nataka picha tu. Na dishi nalo si lazima, eti?"

"Bila dishi utaangalia nini?"

Mama alitazama chini. "Kitu changu na mzee."

Fundi hakuchimba zaidi. Mambo ya mtu na mumewe hayaulizwi mezani kwa fundi. Lakini huruma ilimshika hasa, na palepale akaapa moyoni kwamba mjane huyu hatarudi nyumbani na skrini nyeusi.

Tatizo ni kwamba menyu haionekani gizani. Mahali pa kubadilisha picha peke yake hakupakumbuka. Njia ya kukirudisha king'amuzi kama kilivyotoka kiwandani aliijua hata usingizini, kwa maana ndiyo dawa aliyowapa wagonjwa wake wote, mamia kwa mamia, na haijawahi kumwangusha. Akafumba macho. Menyu. Chini mara nne. OK. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. OK.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nakipigia hodi."

Skrini ilipepesa mara moja, mara mbili, kisha picha ikajaa, ya buluu, safi, haina hata chenga.

Mama alitoa sauti ambayo fundi hakuitegemea kwa mtu mtulivu kama yule. Alimshika mikono yote miwili, akamwombea dua, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Fundi alicheka kwa nguvu ili muuza simu asikie. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bwana! Kwa furaha akachomeka na waya wa dishi lake mwenyewe lililokuwa juu ya bati, zawadi hiyo, akaamuru king'amuzi kitafute stesheni. Zikaingia mia mbili na kumi na sita.

Mama aliichukua rimoti. Alifungua orodha haraka, kama mtu aliyeifungua kila siku, akaanza kushuka. Alipita habari, akapita mpira, akapita nyimbo, hakusimama popote. Alifika mwisho. Akapanda juu, akashuka tena, safari hii polepole.

"Haya ni majina ya stesheni," alisema.

"Ndiyo, mama. Yote yamekaa sawa, kama mapya."

"Yake yako wapi?" Hakuwa akimtazama fundi. "Alikuwa anayafuta haya, anaweka maneno yake, herufi moja moja kwa kile kidole. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea."

Kidole chake kiliendelea kushusha orodha.

"Ya mwisho sikuyasoma. TV iliungua, yeye akaendelea kubonyeza."