Tairi Mbili Kati ya Nane

Kati ya tairi nane za nyuma, mbili tu ndizo zilizokuwa zikizunguka. Dinah aliliona hilo kabla hajashuka kwenye bodaboda. Tairi pacha za kushoto, za mwisho kabisa, zilirusha tope jeusi hewani. Sita zilizobaki zilitulia kama hazihusiki.

Lori lilikuwa limebeba katapila. Lilikuwa limeinama upande mmoja kwenye barabara ya udongo, kilomita chache kupita Minjila, na kila dereva alipokanyaga mafuta lilizidi kuzama.

"Liko hivyo tangu saa tatu asubuhi," Levi alisema, akimpokea mfuko wa spana. Levi ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi. Alikuwa amesoma na Dinah darasa moja, na ndiye aliyempigia simu gereji kwake Garsen. "Tuta la mto linameguka, Dinah. Katapila lisipofika leo, maji yataingia kijijini kwenu."

Dinah alitazama upande wa mto. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima huko juu. Simu ya mama yake haikupatikana tangu juzi. Mtandao ulikuwa umekatika kijiji kizima.

Kando ya barabara ilisimama pikapu ya Levi. Nyuma yake walikaa wanaume wawili wenye rungu.

"Walinzi wa mashine," Levi alisema.

Dereva wa lori alikuwa mzee wa Kiorma, jamii ya wafugaji, jina lake Halkano. Alizima injini lakini hakuuachia usukani.

"Shikamoo, mzee. Umeweka kufuli la difu?"

"Halishiki."

"Na lile la kuunganisha ekseli mbili?"

"Hilo pia."

Dinah alipanda ngazi, akachungulia ndani. Swichi zote mbili za makufuli, zile za kulazimisha tairi zote zizunguke pamoja, zilikuwa zimezimwa, na vumbi lililokaa juu yake halikuwa na alama ya kidole. Akamtazama mzee usoni. Mtu aliyezeekea kwenye malori makubwa hawezi kusahau swichi hizo.

"Njia ya kutoka Hola inapitika leo?" Halkano aliuliza ghafla.

"Sijui. Mimi nimetoka Garsen."

Mzee alitazama saa yake. Levi alikuwa amesogea, amesimama chini ya mlango, anasikiliza. Halkano akainama kama anayetafuta kitu sakafuni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, rudi kwako. Liache lori hapa hapa."

Dinah alikumbuka mifugo ya kina Halkano na mashamba ya kina mama yake. Akakumbuka na yale maneno ya sokoni, kuhusu nani angefurahi maji yakiyachukua mashamba hayo. Hakuwahi kutaka kuyaamini.

"Shuka, mzee," alisema.

"Utavunja difu."

"Nikiivunja nitaitengeneza. Shuka."

Levi aliashiria kwa kidole. Wale wanaume wawili wakamshusha Halkano, wakamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakampandisha kwenye pikapu na kumkalisha katikati yao.

Dinah alichukua sepetu, akachimba tope mbele ya tairi, akakata vichaka na kuvisukuma chini yake. Kisha akapanda, akanyoosha usukani. Hakuwa na haraka. Kufuli likiingia wakati tairi zinazunguka, meno ya gia hukatika, na safari huishia hapo. Aliwasha injini, akangoja kila kitu kitulie, akabonyeza swichi ya kwanza. Ekseli mbili za nyuma zikafungwa pamoja. Akabonyeza ya pili, ili kushoto na kulia zisiachane. Taa mbili zikawaka kwenye dashibodi.

Gia ya chini kabisa. Mafuta kidogo. Kidogo tena.

Lori lilitetemeka. Halafu tairi zote nane zikauma kwa pamoja, zikaanza kupanda, polepole, bila kuteleza hata mara moja, mpaka likasimama pakavu likichuruzika tope.

Levi alipiga makofi. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Endesha wewe," akamwambia. "Yule mzee simwamini tena."

Dinah alizima makufuli kabla ya kona, akakanyaga mafuta. Kwenye kioo cha pembeni aliiona pikapu ikimfuata, na Halkano kati ya zile rungu, kichwa chini. Njia nzima alimwomba Mungu tuta lisipasuke kabla hajafika.

Halikuwa limepasuka. Lilikuwa zima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nyasi zimeota juu yake, na mbuzi wanakula. Wanawake walikuwa wamesimama mbele ya nyumba zao. Mama yake alikuwa miongoni mwao. Alipomwona binti yake nyuma ya usukani, alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Levi alilishusha katapila mwenyewe. Akaugeuzia mto mgongo, akanyanyua bamba la chuma la mbele ya mashine na kuelekea kwenye nyumba ya kwanza.

Wanaume wa rungu walimwachia Halkano. Alikuja akasimama kando ya Dinah.

"Wazee wa kijiji chenu niliwapeleka kortini Hola mwenyewe, jana," alisema. "Saa sita wamenipigia. Amri ya korti ya kulizuia katapila lisibomoe nyumba zenu wameipata, wako njiani nayo. Nilikuwa nawangojea."