Fungu la Ngojamaliko

"Paa linavuja, nawe umemwachia ngojamaliko matete ya kuezekea, ndege aliyehama tangu enzi za babu yako!" Thirza alimfokea mumewe, akachukua mundu, akateremka kinamasini mwenyewe.

Alipoinama kukata, sauti nzito ikavuma mbele yake: buuum!

Thirza akasonya. Mumewe alizoea kuwachezea watalii hivyo: hujificha kwenye matete, akapuliza gudulia, akajifanya ngojamaliko.

"Toka humo! Mtu mzima, huoni haya?"

Akazama topeni hadi magotini, akayapasua matete kwa mikono miwili.

Ndege wa rangi ya matete makavu alisimama wima, mdomo umeelekea mbinguni, jicho lake la manjano likimkodolea.

Nyuma ya Thirza, ukingoni, mumewe akauliza, "Haya bibi, sasa unamfokea nani?"