Paka Katika Chumba cha Uzazi

"Poussez, mama, poussez," Dorcelle alisema kwa Kifaransa cha shule yake ya ukunga Lubumbashi. Hakuwa amewahi kuzalisha, na mama alikuwa anaishiwa nguvu.

Mama aliinua kichwa, akachungulia chini ya kitanda.

"Pushi? Iko wapi?"

Dorcelle alichungulia naye. Ndipo akakumbuka kwamba kwa Kibemba cha kijiji hiki, pushi, linalosikika karibu kama poussez, ni paka.

"Paka hakuna, mama. Nilisema sukuma mutoto."

"Kumbe ni ile? Ungesema vile tangu asubuhi, weye mutoto ya Lubumbashi."

Mama akaangua kicheko. Uchungu ukamkuta katikati ya kicheko, akasukuma.

Nywele nyeusi, zilizolowa, zikajaa kiganjani mwa Dorcelle.