Nyuma ya Kabati

Karani aliyetumwa na mahakama aliikagua nyumba. Kama Siwema asingethibitisha kwamba alichangia kuijenga, angeondoka na nguo zake tu.

"Mama, una risiti yoyote? Hata ya misumari?"

"Udongo hauna risiti, mwanangu. Nilikandika kuta kwa mikono hii."

"Kila mtu husema hivyo."

Siwema akainamisha kichwa. Makame, mume aliyemwacha, alikuwa ameegemea mlango. Angenyamaza tu, nyumba yote ingekuwa yake. Akakohoa, akaingia chumbani na kusogeza kabati.

"Njoo uone, karani."

Ukutani palikuwa na alama ya kiganja, kidole cha mwisho kimepinda.

"Tulipomaliza kukandika nilimwambia apige muhuri wake. Akapiga, halafu akaona haya, akataka tuufiche."

"Ukaniangushia kabati mguuni," Siwema akasema.

"Hata leo hujanisamehe?"

Karani akaanza kuandika. Siwema akasogea ukutani, akaweka kiganja chake juu ya ile alama. Kidole kilichopinda kikaingia mahali pake. Makame akabaki amelishika kabati, hajui alirudishe au aliache.