Ngiri Aliyekula Ili Aende Mbio

Bonde lile lilikuwa na chui, na Ngiri alikosa raha kwa jambo moja: kila wanyama walipokurupuka, Digidigi alimtangulia hatua tatu.

"Ninachokosa ni nguvu," alijiambia. Basi akapiga magoti, kama walavyo ngiri wote, akafukua mizizi masika nzima, hata mapaja yakajaa na nguvu zikawa maradufu.

Akamwita Digidigi washindane kutoka shimoni kwake hadi kichuguuni. Digidigi akamtangulia hatua zilezile tatu.

Ngiri akaketi kwa mawazo. "Bi Digidigi, nguvu zangu zimekuwa mara mbili. Zimekwenda wapi?"

"Na mwili wako je?"

Ngiri akajitazama ubavuni. "Nao mara mbili."

"Basi hazikupotea, bwana. Nguvu ulizoongeza zinasukuma mwili uliouongeza."

Ngiri alikuwa bado analitafakari neno hilo chui alipochomoka majanini. Digidigi akatokomea vichakani. Ngiri naye akatimka, akafika shimoni kwa kasi ileile ya zamani, akageuka aingie kinyumenyume kama ilivyo desturi yao.

Mlango wa shimo nao ulikuwa na upana uleule wa zamani.